Tuamue Kabla ya Msiba

Hotuba ya mwalimu mstaafu kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa mmoja pembezoni mwa Dar es Salaam, siku wakazi walipojadili pendekezo la kushusha mwendo wa magari kwenye barabara yao kutoka kilomita 50 hadi kilomita 30 kwa saa.

Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, ndugu Mtendaji, Mheshimiwa Diwani, wazee wangu, akina mama, vijana wangu wa kijiwe cha bodaboda na wa bajaji, na nyinyi wanangu mliosimama huko nyuma na sare zenu za shule: assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe.

Tumekutana kwa jambo moja. Barabara yetu, kuanzia pale inapochepuka kutoka barabara kuu hadi lami inapoishia, inafuata sheria ya jumla ya maeneo ya makazi, yaani kilomita 50 kwa saa. Pendekezo lililo mezani ni kuomba ishushwe iwe 30. Wiki hizi nimesikia mengi, kwenye vibaraza vya maduka, ndani ya daladala, nje ya misikiti na makanisa watu wakitoka kusali. Wapo wanaosema ni uonevu kwa wenye magari. Wapo wanaosema tunawafungulia trafiki mradi. Wapo vijana wanaosema tunataka kuwabania riziki. Nawafahamu karibu wote wanaosema hivyo, na hakuna hata mmoja ninayemwona kuwa ni mtu mbaya kwa mtaa huu. Nitawajibu. Lakini naomba kwanza tuiangalie barabara yenyewe.

Tuliohamia huku wakati viwanja vinapimwa kwa hatua za miguu tunakumbuka ilivyokuwa. Kiangazi vumbi, masika tope, na mashimo mwaka mzima. Tulilalamika, tukaandika barua, tukafunga safari za wilayani. Kukimbiza gari hakukuwezekana hata kwa aliyetaka, maana mashimo ndiyo yaliyokuwa yakiamua mwendo. Kisha lami ikaja. Mitaa mingi ya jiji hili imepata lami miaka hii, mingi kupitia DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam ulioanza 2015 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na nakumbuka shangwe yetu zamu yetu ilipofika. Tulikuwa na haki ya kushangilia. Leo mgonjwa anafikishwa hospitali usiku wa manane. Maduka yamefunguka. Mtu akijenga, lori la mchanga linafika hadi mlangoni. Asitokee mtu akasema mwalimu anapinga maendeleo; mimi lami hii naipenda.

Ila siku lami ilipokauka, mwendo wa barabara hii ulibadilika mara moja, na hakuna kikao kilichokaa kuuamua. Watoto walibaki wale wale, wakitoka kwenye geti lile lile. Mama wa mihogo alibaki pale pale. Mitaro ikachimbwa, ikaachwa wazi pande zote mbili, kwa hiyo mtembea kwa miguu hana pa kukanyaga isipokuwa juu ya lami, bega kwa bega na magari. Mzee mwenye fimbo, mjamzito anayetoka kliniki, kijana anayesukuma mkokoteni wa maji, wote wako humo humo barabarani. Mwendo tukauachia mguu wa dereva.

Sasa mnivumilie kidogo kwa hesabu, kwa sababu hesabu hizi ndizo zilizonifanya niombe kusimama hapa.

Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linamaliza karibu mita 14 kila sekunde moja. Linalokwenda 30 linamaliza mita nane na kidogo. Dereva makini, asiye na usingizi, asiyeshika simu, anahitaji kama sekunde moja tangu jicho lake limwone mtoto hadi mguu wake ukanyage breki. Wengi wanachukua zaidi ya hapo, lakini tumpe hiyo moja. Mtoto ajitose barabarani mita 14 mbele ya gari, umbali wa kutoka meza hii hadi kwenye ule mwembe. Dereva wa 30 atasogea mita nane kabla ya kugusa breki, kisha kwenye lami kavu na matairi mazima gari litahitaji mita tano hivi kusimama. Jumla mita 13 na ushee. Amesimama. Atashusha kioo, atamfokea mtoto, mtoto atalia, atakimbilia kwao, na jioni mama yake atamchapa. Yameisha.

Dereva wa 50 yeye amemwona mtoto wakati ule ule, mahali pale pale. Sekunde yake moja inapita, na gari limeshakwenda mita 14 kabla breki haijakanyagwa. Pale ambapo mwenzake ameshasimama kabisa, yeye ndio kwanza mguu unafika kwenye breki. Anamgonga mtoto na kilomita zake zote 50.

Naomba hili tulitafakari vizuri. Dereva huyo sikusema amelewa. Sikusema hana leseni, wala sikusema gari ni bovu. Ni dereva mzuri anayetii sheria ya nchi kama ilivyoandikwa, yamkini ni jirani yako au ni wewe mwenyewe, na mtoto ameshafariki mikononi mwake. Tunapozungumzia ajali tumezoea kumtafuta mkosaji: dereva mzembe, mtoto mtundu, mzazi asiyejali. Hapa hakuna mzembe. Kuna tarakimu tu, na tarakimu hiyo inaweza kubadilishwa.

Kuna na suala la uzito wa pigo lenyewe. Gari likiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne. Kwa hiyo kutoka 30 kwenda 50 nguvu inakaribia mara tatu. Wanaofundisha fizikia watawaambia kwamba kugongwa na gari la 30 ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita tatu na nusu, kama fundi aliyeteleza juu ya paa la nyumba ya kawaida. Kugongwa na gari la 50 ni kuanguka kutoka karibu mita kumi, ghorofa ya tatu. Aliyeanguka kutoka juu ya paa tumemwona akifungwa mguu, akarudi kazini. Wa ghorofa ya tatu mnajua wenyewe.

Mtaniambia: basi watoto wafundishwe. Nimefundisha. Angalia kulia, angalia kushoto, angalia kulia tena, ndipo uvuke. Nimelirudia darasani na barabarani miaka yote ya kazi yangu, na faida yake naijua. Lakini watafiti wa chuo kikuu cha Royal Holloway huko Uingereza waliwapima watoto wa umri wa shule ya msingi uwezo wa macho yao kutambua gari linalowajia, wakakuta kwamba gari likizidi takriban kilomita 32 kwa saa, mtoto anaweza kulitazama na bado asitambue kwamba linamfuata. Ubongo wa umri ule haujakomaa kwa kazi hiyo. Mtoto anaangalia kulia kama mwalimu alivyosema, analiona gari, anaona bado liko mbali, anavuka. Amefuata somo lote. Mtu mzima anajua hesabu ambayo mtoto hawezi kuipiga, kwa hiyo mzigo huu ni wa mtu mzima.

Tatizo hili halikuanzia kwetu na haliishii kwetu. Shirika la Afya Duniani kwenye ripoti yake ya 2023 linasema ajali za barabarani zinaua watu wapatao milioni 1.19 kwa mwaka, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya hizo. Zaidi ya vifo tisa katika kila kumi vinatokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako magari ni machache kwa kulinganisha. Karibu robo ya waliokufa walikuwa wanatembea kwa miguu. Mwezi Februari 2020 mawaziri walikutana Stockholm, wakakubaliana kwamba mahali ambapo magari na watembea kwa miguu wanachanganyika mara kwa mara, ukomo uwe kilomita 30 kwa saa. Agosti mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ukaliunga mkono azimio hilo na kuutangaza muongo wa 2021 hadi 2030 kuwa wa kupunguza vifo na majeruhi wa barabarani kwa nusu. Kwa hiyo tunachoomba leo si jambo la ajabu lililobuniwa na wastaafu wa mtaa huu.

Nije kwa wanaopinga, nianze na muda, kwa sababu ndilo jepesi. Kipande chetu ni kama kilomita mbili. Ukiendesha 50 bila kusimama popote utatumia dakika mbili na sekunde 24. Ukiendesha 30 utatumia dakika nne. Tofauti ni dakika moja na sekunde 36, na hiyo ni kwa barabara tupu. Kwa barabara yetu yenye vituo, bajaji zinazogeuza na mbuzi wa watu, hakuna anayeweza kwenda 50 mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo anachopoteza ni chini ya hapo. Ukifika barabara kuu utakuta foleni inakusubiri, wewe na aliyekupita kwa fujo mtasimama bampa kwa bampa.

Linalohitaji muda zaidi ni la vijana. Wanangu wa kijiwe, najua jioni bosi anataka hesabu yake, ile fedha ya kila siku, iwe mvua iwe jua. Najua aliyechukua pikipiki kwa mkataba anahesabu kila siku iliyobaki kabla chombo hakijawa chake. Najua pia abiria ndiye anayewaambia "wahi, nimechelewa", na akiumia lawama zinawaangukia nyinyi. Kwa hiyo sitasimama hapa nikawahubiria kana kwamba mnakimbia kwa kupenda.

Lakini tukae tuhesabu pamoja. Kwenye kijiwe, muda wenu mwingi unakwenda kwenye kusubiri kichwa, yaani abiria, na hapo kukimbia hakusaidii kitu. Barabarani mnapata sekunde chache kwa kila abiria. Na mnazipata tu kwa sababu mwenzako naye anakimbia, ukienda taratibu unaonekana mzembe. Mwendo ukiwa 30 kwa wote, bodaboda, bajaji, daladala na gari la mheshimiwa, hakuna atakayemwacha mwenzake na hakuna abiria atakayemkimbia mmoja kumfuata mwingine. Halafu kuna miili yenu. Katika takwimu zile za Shirika la Afya Duniani, mmoja kati ya kila watano wanaokufa barabarani alikuwa kwenye chombo cha magurudumu mawili au matatu. Nendeni MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, muone vijana waliolala na vyuma miguuni. Kijana aliyevunjika paja hapeleki hesabu kwa miezi, na mkataba haumsubiri.

Na hapa nageukia wamiliki, maana wengine mmekaa mbele yangu na tunaheshimiana. Kiasi cha hesabu unachompangia kijana kinamfuata hadi kwenye mkono wa gesi. Ukimpangia kiasi ambacho hawezi kukifikisha bila kukimbia, umeshaamua mwendo wake kabla hajawasha chombo. Mabasi ya mikoani yana kifaa kinachoiwezesha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kufuatilia mwendo wao njiani, na wenye mabasi hawajaacha biashara. Sisi hatuombi vifaa. Tunaomba wamiliki wa daladala na pikipiki zinazotumia barabara hii wakae na vijana wao, wapange hesabu kwa kujua kwamba hapa ni 30.

Kuna hofu ya trafiki. Hii naiheshimu, na mwenye nayo asichekwe. Watu wanaogopa kwamba kibao cha 30 kitapigiliwa nyuma ya mti, mbele yake atasimama askari na tochi ya kupimia mwendo, na kila asubuhi mtu atakuwa anaacha shilingi 30,000 za faini kwa kosa ambalo hakuliona. Likifanyika hivyo, litakuwa ni mtego, na mimi nitakuwa wa kwanza kulipinga kwenye mkutano kama huu. Barabara pana iliyonyooka inamwambia dereva "nenda", hata kama kibao kinamwambia "pole pole", na kwa kawaida dereva anasikiliza barabara. Kwa hiyo ombi letu lisiishie kwenye kibao. Barabara yenyewe ijengwe kwa namna ambayo mtu akienda 50 anaona tabu, na akienda 30 anaona raha. Hapo kazi ya tochi inabaki ndogo.

Mfano tunao hapa hapa Dar es Salaam, hatuna haja ya kuufuata mbali. Shirika la Amend lilibuni mpango unaoitwa SARSAI kwa ajili ya shule za msingi zilizo kwenye njia hatari. Walichofanya ni vitu ambavyo fundi yeyote wa barabara anavijua: tuta lililojengwa kwa vipimo, zebra, vibao, njia ya miguu iliyotengwa na magari kwa nguzo. Shule nyingine walihamisha geti tu, kutoka upande wa barabara yenye magari mengi kwenda kwenye kichochoro, na watoto wakaacha kumwagika barabarani kengele ikilia. Watafiti wakalinganisha maeneo ya shule zilizofanyiwa marekebisho na yale ambayo bado, wakakuta majeruhi wamepungua kwa zaidi ya robo. Mwaka 2019 tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross ilipotolewa kwa mara ya kwanza, ilikwenda kwa mpango huu. Dunia nzima ikaangalia geti na tuta la uswahilini kwetu, ikasema hili ndilo la kuigwa. Inatia uchungu kwamba wengi wetu hatukujua.

Nizungumzie matuta, maana nimesikia mama mmoja akisema yatawaua wajawazito kabla magari hayajawaua. Ana hoja. Matuta tuliyoyazoea ni yale ya kujijengea usiku, kifusi na saruji, wima kama ukuta, bila rangi, bila kibao. Pikipiki inaruka, bajaji inakata ekseli, mgonjwa anapiga kelele. Ni ya hatari. Tunayoyaomba ni mengine kabisa: tuta pana, lenye mteremko wa taratibu pande zote mbili, lililopakwa rangi inayoonekana usiku, na juu yake kivuko, ili anayevuka awe ameinuliwa na aonekane. Gari la wagonjwa likipita hapo kwa 30 mgonjwa hatikiswi. Vipimo vyake vipo, wahandisi wanavijua. Tukikubaliana leo, tukubaliane pia kwamba hakuna tena kujijengea.

Tusidhani wenzetu walioshusha mwendo walifanya hivyo kwa vigelegele. Wales, tarehe 17 Septemba 2023, serikali yao ilishusha ukomo kwenye barabara nyingi za makazi kutoka maili 30 kwa saa hadi 20, ambazo ni kama kilomita 32. Nchi ndogo, ina watu milioni tatu na kidogo, lakini zaidi ya watu 460,000 walitia saini kutaka uamuzi huo ufutwe. Vibao vikapakwa rangi. Wanasiasa wakarushiana maneno. Serikali haikuufuta, ila ilikubali kwamba baadhi ya barabara zilikuwa zimeingizwa isivyostahili, ikaziruhusu halmashauri kuzirudisha kwenye mwendo wa zamani. Hesabu za mwaka wa kwanza zilipotoka, majeruhi kwenye barabara za aina hiyo walikuwa wamepungua kwa zaidi ya robo. Nimeupenda mfano huu hasa kwa sababu ya ule ugomvi. Walisikilizana, wakarekebisha palipozidi, lakini hawakurudi nyuma. Ndiyo maana pendekezo letu haligusi barabara kuu kule mbele. Kule kuna magari yanayosafiri, yana haki yao. Huku ndani ni kwenye nyumba za watu.

Helsinki, mji mkuu wa Finland, zaidi ya nusu ya mitaa yao ni ya 30, na mwaka 2025 walitangaza kwamba umepita mwaka mzima bila mtu hata mmoja kufa kwa ajali ya barabarani mjini humo. Mwaka mzima, kwenye mji wenye watu wanaokaribia laki saba. Mtasema wale wana fedha. Ni kweli wana fedha. Lakini fedha haipunguzi mita ambazo gari linahitaji kusimama. Zile ni zile zile Finland na hapa kwetu.

Ndugu zangu, sasa nifike kwenye kinachoniuma.

Mnajua jinsi tunavyopata matuta katika mji huu. Mtoto anagongwa. Watu wanajaa barabarani, vijana wanaviringisha mawe na magogo, tairi linachomwa, daladala zinageuza. Polisi wanakuja, kiongozi anakuja, anaahidi kwa kipaza sauti, na mara nyingi kweli tuta linajengwa. Baada ya hapo tunapita juu yake kila siku na baada ya mwaka hakuna anayekumbuka lilijengwa kwa ajili ya nani, isipokuwa nyumba moja. Ndivyo tulivyozoea kupanga barabara zetu. Mtoto analipa kwanza, ndipo kikao kinaitishwa. Hasira ile ya siku ya msiba siilaumu, hata mimi ningebeba jiwe. Ninachouliza ni kwa nini maneno yanayosikilizwa siku ile yasisikilizwe leo, wakati majina yote ya darasa la kwanza bado yako kwenye daftari la mahudhurio na kila mmoja akiitwa anaitika.

Kikao kama hiki, cha watu wazima waliokaa wametulia, wanabishana kuhusu tarakimu kwenye kibao, mtaani kwetu hatujawahi kuwa nacho bila jeneza kutangulia. Kwangu mimi hilo peke yake ni hatua kubwa, hata kwa mnaokwenda kupiga kura ya hapana.

Naomba basi nisome pendekezo lenyewe, mlijue kabla ya kunyoosha mikono, na Mtendaji aliandike kwenye muhtasari kama lilivyo. Mkutano uombe barabara yetu, kutoka kwenye makutano na barabara kuu hadi mwisho wa lami, iwekewe ukomo wa kilomita 30 kwa saa, na vibao visimikwe mahali panapoonekana, mwanzo, katikati na mwisho. Vijengwe vivuko vitatu vilivyoinuliwa: mbele ya shule ya msingi, mbele ya zahanati, na pale sokoni kwenye kituo cha daladala. Mitaro ifunikwe kwa mifuniko ya zege kutoka shuleni hadi sokoni, ili watu wapate pa kutembea. Hilo la mitaro ndilo la gharama, na kama halitawezekana mwaka huu wa fedha, liingizwe kwenye bajeti ijayo, lakini mengine yasisubiri mitaro. Geti la shule liangaliwe kama linaweza kuhamishiwa upande wa uwanja. Na kabla ya faini yoyote kuanza, Kikosi cha Usalama Barabarani kiombwe kuja hapa, kikae na madereva, kijiwe kwa kijiwe, watu waelimishwe.

Likipita, muhtasari utakwenda kwa Mheshimiwa Diwani, uingie kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kutoka hapo ufike kwa meneja wa TARURA wa wilaya, kwa kuwa barabara hii ni ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, si ya TANROADS wenye barabara kuu. Barua peke yake huwa inalala kwenye faili. Nashauri tuchague watu watano wa kuifuatilia, na wawili kati yao wawe madereva wa bodaboda au bajaji, tena waliokuwa wakipinga, kwa sababu wao ndio wanaojua barabara hii inapoteleza na wapi dereva haoni mbele. Mzazi mmoja awepo. Mwalimu aliyeko kazini awepo, mimi nimeshastaafu. Na wa tano awe mtu asiye na gari wala pikipiki, anayetembea kila siku kwenda na kurudi.

Mheshimiwa Diwani, wewe nina ombi moja mbele ya watu. Usituahidi tarehe. Tuambie ni lini utarudi hapa kutueleza barua imefika wapi, hata kama jibu litakuwa bado.

Ndugu Mwenyekiti, daftari la mahudhurio bado liko kwa Mtendaji na nimeona wengi wameingia bila kuandika majina; naomba liwapitie kabla ya kura, kwa sababu TARURA watataka kujua tulikuwa wangapi. Na yule kijana wa kijiweni mwenye kofia nyekundu amenyoosha mkono tangu nilipotaja hesabu za mabosi. Naomba apewe nafasi ya kwanza.

Ahsanteni sana.